Kabla hujatandika nyasi bandia uani, shughulika na maji kwanza

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja kutoka Njombe: "Shikamoo dada. Nimenunua nyasi bandia za uani, fundi anasema kesho anasawazisha udongo na kutandika. Tope litaisha?" Nilimpigia palepale nikamwambia, mdogo wangu, mzuie huyo fundi. Na kwa kuwa wengi tunaojenga huku Nyanda za Juu Kusini tunatamani kitu kilekile, ua mkavu ambao mtoto anacheza na mgeni anakaa bila kuwaza viatu vyake, nimeona niyaseme hapa wote tuyasikie.

Nyumba yangu iko Isyesye, Mbeya, kwenye kiwanja cha mteremko chenye udongo wa mfinyanzi. Mvua zetu mnazijua: zikianza Novemba, mpaka Aprili huko ardhi haipumziki. Maji ya bati langu na ya jirani wa juu yote yalikuwa yanakuja kulala mlangoni pa jikoni. Tulipanda ukoka, ukaoza. Tulimwaga kokoto, tope likazimeza msimu uleule. Wanangu walikuwa wanakanyaga juu ya matofali kwenda kuanika nguo. Lakini kilichoniuma kuliko tope ni kikao cha familia, shemeji yangu aliposema mbele ya wakwe kwamba nimejenga nyumba katikati ya jaruba la mpunga. Watu wakacheka. Mimi nikaingia jikoni, nikajifanya naangalia chai.

Fundi wa kwanza alikuja na maneno mengi. Alimwaga mchanga juu ya udongo, akatandika nyasi, akachukua hela yake. Kwa muda ua ulipendeza sana. Desemba ilipopiga mvua kubwa, maji yalipita vizuri kwenye vitundu vya nyasi, yakafika kwenye mfinyanzi, yakagoma kushuka. Mchanga ukahama, nyasi zikawa mabonde na matuta, na harufu ikaanza. Nilimpigia fundi, hakupokea. Mpaka leo hajapokea, na mimi sijasahau.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja aliyetumia ujana wake kuchimba mitaro ya barabara. Alikuja makusudi mvua ikiwa inanyesha, hakubeba hata sululu. Alisimama na mwavuli pembeni ya ukuta, akachota pumba za mahindi kwenye ndoo ya kuku wangu, akazirusha juu ya maji, akawa anaziangalia. Pumba zilitoka pembe ya juu, zikapita chini ya dirisha la jikoni, zikazunguka kidogo, zikasimama mlangoni. "Mama, haya maji hayana pa kutokea," akasema. "Hata ukitandika nini juu yake, yatabaki hapahapa."

Tukasubiri Juni ardhi ikauke. Uchimbaji sitausimulia, ni jasho tu. Udongo ulitolewa kina cha kama sentimita 20, chini kukapewa mteremko wa kuikimbia nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kwa uzi na pima maji. Kando ya ukuta wa jirani wa juu kukachimbwa mfereji, ndani yake bomba la PVC lenye matundu, likazungushiwa kokoto na kitambaa cha kuchujia ili tope lisiliingie. Maji ya gata nayo yakapata bomba lake. Yote yakaelekezwa kwenye mtaro wa barabara, si kwa jirani wa chini. Mimi nilikuwa nataka shimo la kunyonya maji, mzee akakataa: kwenye mfinyanzi shimo linajaa, halafu linakurudishia. Juu ya udongo kikalazwa kitambaa kingine, kokoto zikamwagwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha chenga za kokoto za kusawazishia. Nyasi zilikuja mwisho kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi fupi kuliko zote.

Januari iliyofuata tulikuwa na sherehe ya kipaimara ya binti yangu. Mvua ilinyesha asubuhi, mchana viti vikapangwa uani. Kiti cha shemeji nilihakikisha kimewekwa palepale mlangoni pa jikoni.

Ndugu zangu, tunapenda sana kinachoonekana. Mtu analipia nyasi ndefu za bei ya juu, halafu akifika kwenye kokoto anaanza kubana. Nyasi hizi zilipopata umaarufu mwaka 1966 kwenye uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, ziliwekwa kwa sababu nyasi za asili zilikuwa zimekufa chini ya paa kwa kukosa mwanga. Tatizo lao lilikuwa mwanga. La kwetu ni maji, na maji yanatibiwa chini. Hela kubwa ipeleke chini, hata kama hakuna mgeni atakayeiona. Chagua fundi anayeuliza maji yanatoka wapi kabla hajakutajia bei kwa mita ya mraba. Akianza na bei, agana naye kwa amani.

Kabla nyasi hazijatandikwa, mwaga pipa zima la maji, lile la lita 200, upande wa juu, usimame uangalie. Yakituama mahali, hapo panarekebishwa sasa, na usikubali kuambiwa yatakauka yenyewe. Baada ya kutandika, fagia majani yasizibe vitundu. Jua la mchana la kiangazi linazichemsha, kwa hiyo zimwagie maji kabla watoto hawajatoka pekupeku. Na jiko la mkaa lisiwekwe juu yake hata kwa dakika moja: hiyo ni plastiki, kaa moja likidondoka linatoboa.