Wasomaji Wanauliza: Pasaka kando ya Mto Themi

Jumatatu ya Pasaka tunataka kuwapeleka watoto kwenye bustani ya kando ya Mto Themi, hapa hapa Arusha. Wa mwisho ana miaka minne na anapenda mno maji. Twende saa ngapi? – Mama Neema, Sakina

Mama Neema, fikeni saa tatu asubuhi. Saa nane mtagombania kivuli na kupanga foleni ya choo, tena mchana ndipo mawingu hupenda kukusanyika Mlima Meru. Hilo la mlima ndilo kubwa. Themi unateremka kutoka huko, na Pasaka huangukia masika, kwa hiyo mto unaweza kujaa huku nyinyi mmeketi juani. Mara nyingi dalili hutangulia: maji yanageuka rangi ya tope, vijiti na majani vinapita kwa wingi, mngurumo unazidi. Mkiona hata moja, wapandisheni watoto juu papo hapo. Kandambili na mpira viacheni.

Mkeka tandikeni juu ya mstari wa takataka uliobaki kwenye nyasi, kwani hapo ndipo maji yalifika mara ya mwisho. Huyo mdogo apewe mtu mzima mmoja wa kumshika, kwa zamu za nusu saa. "Tunamwangalia wote" maana yake hakuna anayemwangalia.

Maji ya kunywa toeni nyumbani, lita moja na nusu kwa kila mtu. Ya mto yamepita kwenye makazi. Kuyachemsha kunaua vijidudu, lakini floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi), iliyojaa kwenye maji mengi ya kuzunguka Meru, haiondoki kwa moto. Yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea.

Pilau yetu ya asubuhi huchacha kabla ya saa nane. Tunakosea wapi? – Msomaji, Ngarenaro

Tunashuku hotipoti iliyojaa nusu. Ile nafasi ya juu hupoza chakula haraka, na wali ukishakuwa vuguvugu, bakteria waliostahimili kuchemka huanza kuzaana. Imwagieni hotipoti maji yanayochemka, funikeni dakika kumi, mwageni, kisha jazeni pilau ya motoni hadi juu. Kilo moja ya mchele inatosha watu wanane hadi kumi. Msifunue kuonja! Kachumbari ikatwe huko huko. Pilau iliyokaa imepoa zaidi ya saa mbili itupwe. Kuipasha hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Tunaruhusiwa kuchoma mishkaki? – Kijana wa Majengo

Ulizeni getini kabla hamjanunua nyama. Mkiruhusiwa, tumieni jiko lenye miguu, mbali na mizizi na nyasi kavu. Makaa msiyafukie mchangani: hukaa na moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga ni mtoto wa watu asiye na viatu. Mwagieni maji, koroga, mwagieni tena, hadi mvuke uishe. Taka wekeni kwenye gunia, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.