Mashine ya boti ya maji chumvi ikiletwa karakana ya Arusha

Anayejifunza ufundi hapa Arusha huanzia kwenye pikipiki, bajaji na magari. Siku ikishushwa mashine ya boti kutoka Tanga au Pangani, hasa zile za zamani za tu-stroki (zinazochoma oili pamoja na petroli), mazoea hayo yanaweza kumponza mteja.

Tuanze na mwinuko, maana ndio unaodanganya wengi. Mji wetu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Mashine iliyosetiwa vizuri pwani, ukiiwasha hapa itazidiwa petroli: moshi mwingi, plagi nyeusi zenye unyevu, sailensi (mzunguko wa taratibu) inayumba. Mkono utakuwasha kubana skrubu ya kabureta au kubadilisha jeti, kitundu kinachopitisha petroli. Usifanye hivyo. Ukiipunguzia petroli hapa, ikirudi baharini itabaki na hewa nyingi na petroli kidogo. Kwenye tu-stroki oili huja pamoja na petroli, kwa hiyo pistoni itachemka, ikose ulainisho, na ikwame watu wakiwa mbali na nchi kavu. Kabla ya kufungua kabureta, hesabu skrubu imefunguliwa mizunguko mingapi, andika, safisha, kisha irudishe palepale. Kuseti kwa mwisho kufanyike pwani.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, nayo ni hivyohivyo. Silinda ambayo pwani ingesoma 120 psi, hapa itasoma karibu 100, na ringi za pistoni ni nzima kabisa. Linganisha silinda kwa silinda: zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hapo ndipo kuna kazi.

Sasa chumvi. Ikikauka ndani ya njia za maji inakuwa mawe madogo yanayoziba. Mwambie mteja aioshe mashine kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) huko huko kabla ya kuipakia, na ikifika ioshe tena. Tumia pipa la lita 200, propela imetolewa, maji yafunike bamba lililo juu ya propela. Iache iungurume taratibu dakika 10 hadi 15. Dakika mbili hazitoshi: thamostati haifunguki mpaka mashine ipate joto, na ikiwa imefunga, maji hayapiti vizuri kwenye njia za juu, ambako ndiko chumvi huganda. Maji ya pipa yakishakuwa na chumvi, mwaga, weka mengine. Kamwe usiiwashe kavu, hata kwa kujaribu tu. Impela, inayosukuma maji ya kupoza mashine, ni mpira unaolainishwa na maji, na huungua ndani ya sekunde chache.

Impela ya mashine ya maji chumvi ibadilishwe kila mwaka. Ukikuta jani lake limekatika, tafuta kipande chake kwenye njia ya maji. Kikibaki, impela mpya haitasaidia. Ukiingiza mpya, zungusha shafti upande inakozunguka mashine ili majani yalale sawa.

Oili ya gia: fungua nati ya chini, kisha ya juu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Vua propela uangalie shafti, kwani mara nyingi ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha ukakata sili inayozuia maji. Jaza kutokea chini mpaka oili itokee juu, funga ya juu kwanza, halafu ya chini, na washa (pete za chini ya nati) ziwe mpya.

Anodi, kipande cha chuma kinacholiwa na kutu badala ya mashine, ikiisha nusu, badilisha. Ya zinki ndiyo ya maji chumvi. Ya magnesi ni ya maji baridi, baharini huisha haraka mno. Usiipake rangi, na sehemu inapokaa isuguliwe mpaka chuma kionekane, la sivyo haifanyi kazi.

Bolti za stenlesi kwenye aluminiamu hushikana vibaya. Pasha moto aluminiamu inayoizunguka, si bolti, weka oili ya kulegeza, zungusha mbele na nyuma kidogokidogo. Ukisikia inanepa kama spring, acha, pasha tena. Ukiirudisha bolti, ipake grisi isiyoharibiwa na maji.

Mchanganyiko ufuate kitabu cha mashine. Kama ni 50 kwa 1, ni mililita 500 za oili kwa lita 25 za petroli, na oili iwe yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki haikutengenezwa kwa mashine inayopozwa na maji ya bahari.

Wakati wa kuipakia kurudi Tanga, toa petroli yote ya kabureta na uisafirishe wima. Ikibidi kulala, kichwa (upande wa silinda) kisiwe chini kuliko mguu (upande wa propela), kwani maji yaliyobaki yataingia kwenye silinda.