Umehama jimbo katikati ya mwaka: kodi unalipa wapi?

Msimu wa ritani ukikaribia, maswali ya waliohama hujaa. Sisi tulioko Marekani hatutulii: leo Minneapolis, kesho Dallas, keshokutwa binamu kasikia kazi ipo Louisville na gari limeshapakiwa. Karibu kila swali linabeba dhana ileile, kwamba jimbo linalokudai ni lile ulipo siku unapojaza fomu. Sivyo. Anayekudai ni jimbo ulilokuwa ukiishi pesa ilipoingia, na wakati mwingine jimbo ambako kazi yenyewe ilifanyika. Shika hilo, mengine yatafuata.

Nilikuwa muuguzi msaidizi Minneapolis, nikahamia Dallas mwezi wa Agosti. Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Rafiki yangu anasema nijaze ya IRS (kodi ya serikali kuu) tu, basi. Ni kweli?

Rafiki yako ana ukweli nusu. Texas kweli haitozi mshahara kodi, kama zisivyotoza Florida, Tennessee, Nevada, Washington, Wyoming, South Dakota, Alaska na New Hampshire. Lakini Minnesota inatoza, na ulikuwa mkazi wake kuanzia Januari mpaka ulipofunga mizigo. Kwa hiyo una ritani mbili: ya IRS, na ya Minnesota kama mkazi wa sehemu ya mwaka. Fomu zake ni M1 pamoja na nyongeza iitwayo M1NR. Texas huidai wala haikudai.

Sasa sikiliza hesabu inavyokwenda, maana hapa ndipo watu hushtuka. Minnesota haichukui mshahara wa miezi ya kule peke yake na kuutoza kana kwamba ndio pekee uliopata mwaka huo. Kwanza inakokotoa kodi ya mapato yako yote ya mwaka, ya Texas yakiwemo, halafu inakutoza sehemu inayolingana na mapato ya Minnesota. Tuseme ulipata dola 58,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 34,800 ni za kabla ya kuhama. Hiyo ni asilimia 60. Kama kodi ya mwaka mzima ingekuwa dola 2,450, wewe unadaiwa 1,470. Ikiwa mwajiri wa Minneapolis alishakukata 1,900, unarudishiwa 430. Usipojaza, hizo 430 zinabaki huko huko. California na New York nazo hupiga hesabu kwa mtindo huo, kwa hiyo mshahara mnono wa Texas unaweza kupandisha kiwango kinachotumika kwa miezi uliyoishi kwao. Wenyewe hautozwi, lakini unahesabiwa.

Kabla ya kuanza, toa W-2 zako zote, yaani hati za mwaka za mshahara na kodi iliyokatwa anazokupa mwajiri, na uangalie visanduku vya 15, 16 na 17: jina la jimbo, mshahara wa jimbo hilo, na kodi iliyokatwa. Kama ulibadilisha mwajiri, kazi ni nyepesi, kila W-2 ina jimbo lake. Kama ulihamishwa ndani ya kampuni ileile, linganisha kisanduku cha 16 na hati ya mshahara ya mwisho uliyolipwa ukiwa Minneapolis, pale penye jumla ya tangu Januari. Zikipishana sana, idara ya mishahara ilichelewa kubadilisha anwani yako. Waombe W-2c, yaani W-2 iliyosahihishwa, na uombe mapema, kwa sababu mwezi wa Aprili hakuna anayepokea simu.

Nimetoka Columbus, Ohio, nikaja Louisville, Kentucky. Majimbo yote mawili yana kodi. Natozwa mara mbili?

Hapana, mradi ugawe mwaka sawasawa. Ohio inachukua miezi yako, Kentucky yake, na Kentucky ina fomu 740-NP kwa watu kama wewe. Kiwango cha Kentucky ni kimoja kwa wote: asilimia 4 kwa mwaka 2025, na 3.5 kuanzia 2026.

Ambalo hukuuliza, na ndilo linalouma zaidi, ni kodi ya jiji. Columbus inatoza asilimia 2.5 ya mshahara na Louisville 2.2 kwa wakazi wake. Hizo ni mbali na za jimbo. Zitazame kwenye W-2 visanduku vya 18 hadi 20. Ukikuta umekatwa ya Columbus kwa wiki ambazo tayari ulikuwa unafanya kazi na kuishi Louisville, usiidai kwenye ritani ya jimbo. Ofisi ya kodi ya jiji la Columbus ndiyo inayorudisha, kwa fomu zake yenyewe. Watu wengi huacha fedha hapa kwa kudhani jiji na jimbo ni mfuko mmoja.

Na kwa wanaoishi upande mmoja wa mto na kufanya kazi upande wa pili: Ohio na Kentucky zina makubaliano kwamba mshahara unatozwa na jimbo unakoishi tu. Lazima umpe mwajiri fomu ya msamaha, hatakisia mwenyewe.

Nilihama Bronx kwenda New Jersey mwezi wa Mei. Kazi yangu ni ya kompyuta, nafanyia nyumbani, ila kampuni iko Manhattan. Nimekuta bado wananikata kodi ya New York. Si wizi huu?

Pole, lakini wizi si neno lake. New York ina kanuni yake ngumu: kama kazi yako ni ya ofisi ya New York na unafanyia nyumbani kwa urahisi wako, si kwa sababu mwajiri anahitaji uwe huko, siku hizo huhesabiwa kana kwamba ulikuwa Manhattan. Kwa hiyo jimbo linaendelea kukudai kama asiye mkazi, na utajaza fomu IT-203 inayobeba vipande vyote viwili vya mwaka. Kanuni hiyo siipendi, na majirani wa New York wameilalamikia sana, lakini ipo na inatekelezwa.

New Jersey, kwa kuwa sasa wewe ni mkazi wake, itakupa nafuu kwa kodi uliyolipa New York kwa mapato yaleyale, kupitia nyongeza iitwayo NJ-COJ. Ukitumia programu ya kodi, jaza ya IRS kwanza, kisha ya New York, halafu ya New Jersey. Ukigeuza mpangilio, nafuu haitakokotolewa vizuri.

Habari njema ni moja. Kodi ya mapato ya jiji la New York ni ya wakazi wa jiji peke yao. Ilikoma siku uliyohama Bronx, na fomu IT-360.1 ndiyo inayokata mwaka wako wa jiji. Kama bado unakatwa ya jiji, mwandikie mwajiri leo.

Naendesha trela. Mwaka huu nimepita majimbo zaidi ya 30, na mwezi wa Juni nilihamisha familia kutoka Des Moines kwenda Nashville. Nijaze ritani ngapi, kaka?

Ya IRS na ya Iowa. Basi.

Kuna sheria ya Kongresi, 49 U.S.C. 14503, inayosema dereva anayefanya kazi ya kawaida katika majimbo mawili au zaidi kwa kampuni ya usafirishaji atatozwa kodi ya mapato na jimbo anakoishi tu. Kwa hiyo Nebraska, Illinois na wengine wote waliokuona ukipita hawana chao. Lakini upande wa pili wa sheria hiyo ni kwamba Iowa inatoza mshahara wako wote wa kabla ya Juni, hata maili ulizoendesha Arizona. Utajaza IA 1040 pamoja na IA 126. Baada ya Juni wewe ni mtu wa Tennessee, na Tennessee haitozi mshahara.

Hapo kwenye "nilihamisha familia" umesema jambo kubwa. Madereva wengine wanaazima anwani ya binamu aliyeko Tennessee au Florida, huku mke, watoto na kitanda viko Iowa. Hiyo haihamishi ukazi. Siku jimbo litakapouliza, litauliza mtoto anasoma shule gani.

Gharama za lori la kuhamia na hoteli njiani, naweza kuzitoa kwenye kodi?

Kwa IRS, hapana. Makato hayo yaliondolewa kuanzia 2018, na sheria ya 2025 imeyafungia mlango moja kwa moja isipokuwa kwa wanajeshi walioamriwa kuhama na baadhi ya watumishi wa ujasusi. California na New York bado zimeyaacha kwenye ritani zao za jimbo, kwa masharti. Tunza risiti kama moja ya hayo linakuhusu.

Nilipata kazi Jacksonville, Florida, mwanzoni mwa Septemba. Mke wangu na watoto wamebaki Worcester, Massachusetts, mpaka shule zifungwe mwezi wa Juni. Nimeshachukua leseni ya Florida. Mshahara wa kuanzia Septemba umepona, sivyo?

Ningekuwa wewe nisingeutumia bado.

Leseni ni ushahidi mmoja tu, tena mwepesi. Massachusetts itaangalia makazi yako ya kudumu yako wapi: nyumba, mke, watoto, daktari, vitu vyako, na nia yako ya kurudi. Familia ikiwa Worcester, una kazi ya kuwashawishi kwamba makao yamehamia Jacksonville. Na hata ukishinda hapo kuna mtihani wa pili: mtu mwenye nyumba ya kudumu Massachusetts aliyekaa humo zaidi ya siku 183 za mwaka anaweza kuhesabiwa mkazi. Januari mpaka mwisho wa Agosti ni siku 243, na nyumba bado mnayo. Asilimia 5 ya miezi minne si pesa ya kuchezea, kwa hiyo kabla ya kujaza Fomu 1-NR/PY kama mkazi wa sehemu ya mwaka, mlipe mhasibu mwenye leseni asome mambo yako yote. Hili si la kumpa mtu anayejaza ritani sebuleni na kukataa kuweka sahihi yake. Anayelipwa kukujazia ritani ya IRS anatakiwa kisheria kuisaini na kuandika namba yake ya PTIN, ile ambayo IRS humpa mwandaaji wa ritani.

Nyongeza muhimu kuliko kodi yenyewe. Wapo wanaoshauri ujiandikishe kupiga kura Florida ili kuthibitisha ukazi. Kama hujawa raia, usiguse kabisa. Unaweza kukosa uraia au hata kufukuzwa nchini. Na usisahau fomu AR-11: asiye raia anatakiwa kuwaarifu USCIS, idara ya uhamiaji, anwani mpya ndani ya siku 10 baada ya kuhama.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi kutoka Mwanza, nina viza ya F-1, nasoma Houston. Kiangazi nilifanya mafunzo kazini San Jose. Chuo kimenisaidia ritani ya IRS. Nimemaliza?

Marahaba, mwanangu. Bado. Mshahara wa San Jose ulifanyiwa kazi California, kwa hiyo California ina haki yake, na fomu ni 540NR. Hata kama ulirudi Houston Agosti, hata kama hukukaa kule zaidi ya kiangazi. Hakuna mkataba wa kodi kati ya Tanzania na Marekani wa kukupunguzia, na Kenya vilevile haina. Kwa upande mwingine, California ikiwa ilikukata zaidi ya unachodaiwa, kujaza fomu hiyo ndiyo njia pekee ya kurudishiwa.

Chungulia pia visanduku vya 4 na 6 vya W-2. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkazi kwa kodi ya IRS hatakiwi kukatwa Social Security (pensheni) wala Medicare (bima ya afya ya wazee) kwa kazi iliyoruhusiwa na viza yake. Ukikuta umekatwa, mwombe mwajiri azirudishe. Akigoma, IRS wana Fomu 843.

Nimepata barua kutoka jimbo nililohama miaka miwili iliyopita. Wanasema sikujaza ritani na nina deni kubwa, hata mshahara wangu wa huku wameuhesabu. Wamejuaje?

Wamejua kwa sababu IRS hupeana taarifa na majimbo. Ritani yako ya IRS au W-2 ilionyesha anwani yao au jina lao, wao hawakuona ritani yako, wakakadiria kwamba ulikuwa mkazi wa mwaka mzima. Ndiyo maana kiasi kimekuwa kikubwa. Na usitegemee kwamba miaka itapita wasahau: asipojaza mtu ritani, kwa kawaida muda wa jimbo kumdai hauanzi kuhesabika.

Usilipe kiasi walichokadiria, na usiitupe barua. Jaza ritani ya mwaka ule kama mkazi wa sehemu ya mwaka, kwa fomu za mwaka ule, si za mwaka huu. Ambatisha W-2, hati ya mshahara ya mwisho ya jimbo la zamani, na mkataba wa nyumba ya jimbo jipya wenye tarehe. Mara nyingi deni hushuka sana, na wengine hukuta wao ndio wanaodai, ingawa marejesho nayo yana ukomo wa miaka. Barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu. Kama huwezi kuimaliza kabla ya siku hiyo, piga simu uombe muda, andika jina la uliyezungumza naye, na ukituma karatasi, zipeleke posta kwa barua iliyosajiliwa ili ubaki na risiti.