Re: Chambo kinakufa kabla ya saa nne, nifanyeje? (Mtera)

Ndugu yangu, pole. Unasema perege wadogo wanakufia kwenye ndoo hata hujafika katikati ya bwawa, na tangi la dukani la kuwekea chambo hai huliwezi kwa bei. Huna haja nalo.

Tafuta deli la barafu lililotumika, la lita 40 hivi. Chombo cha plastiki ya kawaida, kisichozuia joto, kitachemka kwa jua letu, na maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake huku samaki wakiihitaji zaidi. Hapo ndipo chambo chako kinapofia. Likiwa la duara ni bora, maana kwenye pembe samaki hurundikana na kujigonga pua.

Chukua pampu ndogo ya volti 12, ile ya kutolea maji kwenye boti. Iweke chini ya deli, panda na mpira hadi juu, malizia na kipande cha bomba ulichotoboa matundu madogo, maji yanyeshe kama mvua na kurudi na hewa. Betri ya pikipiki inatosha ukiiwasha dakika chache na kuizima. Ukiiacha moja kwa moja itakwisha mapema.

Tumia maji ya bwawani. Ya bomba yana klorini, itawaua. Badilisha nusu kila baada ya muda, kwa sababu uchafu wao nao ni sumu. Usijaze samaki wengi, nakusihi.

Deli likijaa ni kilo 40: liweke katikati ya boti, ulifunge.

Kama chambo chako ni kambale wadogo, pampu usinunue. Hao huvuta hewa juu ya maji, ndoo yenye mfuniko wa matundu inawatosha.