Mbegu za mpapindi zimegoma kuota Arusha

Swali: Nina kitalu cha miche Njiro. Nililetewa mbegu za mpapindi, aina ya pama (mti wa jamii ya mnazi), kutoka bustani moja Unguja, nikazianika juani siku tatu, kisha mwezi Juni nikazipanda kwenye viriba. Miezi miwili imepita na hakuna hata moja iliyoota. Miche miwili niliyokuwa nayo tangu zamani nayo inaungua ncha za majani. Nikifaulu kuotesha, naweza kupeleka miche msitu wa Ngezi?

Jibu: Ndugu, jua ndilo lililoziharibu. Mahindi na maharage hukaushwa ili yatunzike. Mbegu ya mpapindi ikikauka, kiini hufa. Fukua tano uzipasue: zikiwa nyeupe na ngumu ndani, zina uhai, zikiwa kahawia, zimenywea au zinanuka, andaa mbegu nyingine.

Baridi nayo imechangia. Ngezi iko Pemba, karibu na usawa wa bahari, na joto halipungui sana mwaka mzima. Arusha iko karibu mita 1,400, na udongo wa Juni hadi Agosti ni wa baridi mno. Mbegu hizi zinataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30, kwa hiyo lenga Oktoba hadi Februari.

Chukua matunda mekundu yaliyoiva mtini. Osha nyama yote, maana ikibaki huleta ukungu. Loweka saa 24 ukibadilisha maji mara moja, kisha panda ndani ya wiki moja. Kwa safari, zifunge kwenye makumbi ya nazi yenye unyevu, yasiyochuruzika maji. Changanya mchanga wa mto uliooshwa na makumbi yaliyosagwa, nusu kwa nusu; fukia sentimita 1, funika boksi kwa nailoni, weka kivulini. Kuota huchukua mwezi mmoja hadi mitatu au zaidi, kwa hiyo usifukue kila wiki kuchungulia. Chipukizi hutokea ubavuni mwa mbegu: usiibandue, bado inailisha. Jani la kwanza likifunguka, hamishia kwenye kiriba chenye kina cha sentimita 25, kwani mzizi wa kwanza hushuka wima na kwenye kiriba kifupi hujisokota.

Kuhusu ncha za majani, angalia maji kwanza. Maji mengi ya ukanda wa Meru yana floridi, ile ile inayobadilisha rangi ya meno, na jamii hii ya mimea huiona haraka. Mwagilia maji ya mvua, acha mbolea ya superfosfeti (nayo huwa na floridi), na ongeza chokaa ya kilimo kidogo hadi pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ifike 6.5. Jani lililokwisha kuungua halirudi. Angalia majani mapya.

Ngezi usipeleke. Mpapindi kwa asili hupatikana Pemba tu, na bustanini mara nyingi husimama jirani na pama ya njano ya Madagascar, ndugu yake anayeweza kuchavushana nao. Mche wako unaweza kuwa chotara bila kuonyesha dalili ukiwa mdogo. Pia udongo wa kiriba hubeba minyoo ya mizizi na magonjwa. Uuze kama mche wa bustani, bila kudai kuwa ni wa asili.

Ukitaka kuchangia hifadhi kweli, na ningefurahi sana ukitaka, wasiliana na idara ya misitu ya Zanzibar upate mbegu kwa kibali, usiokote msituni. Kila mti mama upewe namba yake, pamoja na mahali uliposimama na tarehe ya kuvuna. Usichanganye mbegu za miti miwili kwenye boksi moja. Kwa kuwa mbegu hizi hazikai kwenye ghala kavu, akiba yake ni miti hai yenye kumbukumbu, na lebo iwe ya bati lililochongwa, kwa sababu kalamu hufutwa na mvua za masika moja.