"Description" si kila "maelezo"

Mkuu, umeuliza kama "description" ni "maelezo" tu, na mbona mwalimu kamkata mdogo wako maksi kwa kuandika "a description about my school". Nianze na hilo la pili, ni fupi. Nomino hiyo hufuatwa na "of". Kitenzi chake, "describe", hakitaki hata hiyo "of": "describe my school", basi. Na kwenye tahajia, kitenzi kina b, nomino ina p. Wengi tunaanguka hapo.

La kwanza ndilo lililoniumbua. Nilishuka uwanja wa ndege, begi halikufika. Nikapewa fomu, ina kisehemu kimeandikwa "Description of bag". Kichwani nikasoma "maelezo", na maelezo ninayoyajua mimi ni yale ya kuandikisha polisi. Nikamwaga mistari sita: nilipanda saa ngapi, nilibadilishia ndege wapi, dada wa kaunta aliniambia nini. Kaka wa dirishani akasoma mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Sasa kaka, begi lenyewe likoje?"

Nikaandika upya: jeusi, la magurudumu, mshikio umefungwa kitambaa chekundu, zipu ya mbele imekufa. Mstari mmoja!

Hiyo "likoje" ndiyo description. Neno letu limebeba mizigo mingi: ukisimulia kilichotokea mbele ya polisi ni maelezo (wao wanasema "statement"), ukitoa sababu ya kuchelewa kazini ni maelezo ("explanation"), ukitaja rangi na umbo la kitu ni maelezo pia. Kiingereza kimegawa. Kwa hiyo mdogo wako akipewa "a description of a market" asianze na faida za soko kwa jamii, ugonjwa wetu wa insha huo. Aseme dagaa wamemwagwa wapi, mama wa nyanya kapanga mafungu vipi, njia ina tope kiasi gani.

Kuna matumizi mengine hayaendi kabisa na "maelezo". "Boats of every description" ni vyombo vya kila aina, mtumbwi mpaka meli. Ukiandika "vya kila maelezo" umepotea. Mtu akiwa "fits the description", sifa zake zinalingana na za anayetafutwa. "Beyond description" ni haielezeki. Na "job description" kwenye tangazo la ajira mimi huandika "majukumu ya kazi", kwa sababu hapo mwajiri anataja utakachofanya, haelezi kazi inafananaje.