Maswali ya Wasomaji: Chardonnay Mbili, Ladha Mbalimbali

SWALI: Wahariri, hamjambo. Mimi ni weta katika hoteli hapa Malindi. Tunauza mvinyo mweupe wa aina mbili: Chablis ya Ufaransa, ambayo ni chachu kama ndimu, na Chardonnay ya Robertson, Afrika Kusini, yenye rangi ya dhahabu na ladha ya siagi. Nimeambiwa zabibu ni ile ile. Je, hiyo ya pili hutiwa siagi? Na zote zipozwe sawasawa?

JIBU: Hatujambo, ndugu yetu. Siagi haitiwi. Ni kweli zabibu ni moja: neno Chardonnay kwa kawaida halionekani kwenye chupa ya Chablis, lakini kisheria hairuhusiwi zabibu nyingine. Zabibu hii haina harufu kali ya asili, ndiyo maana hali ya hewa na kazi ya mtengenezaji hujitokeza waziwazi.

Chablis iko upande wa kaskazini wa Burgundy, eneo la mvinyo huko Ufaransa, kwenye baridi. Joto ndilo linalopunguza asidi ya maliki, ile ya tofaa bichi, huku sukari ikipanda. Kwa hiyo huko uchachu hubaki, na kileo huwa kama asilimia 12 hadi 13. Robertson kuna joto zaidi: kileo hufika 13.5 au 14, na ladha huelekea pichi na nanasi.

Siagi huja baadaye. Hamira ikishageuza sukari kuwa kileo, bakteria huigeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ile ya maziwa lala, na kuacha diasetili yenye harufu ya siagi. Asiyeitaka harufu hiyo huupoza mvinyo na kutia salfa mapema ili kuwazuia bakteria. Chablis nyingi nazo hupitia hatua hiyo, ila mvinyo ukiachwa juu ya mashapo ya hamira, diasetili hupungua. Kisha kuna pipa la mwaloni ambamo mvinyo hukomazwa, kwa desturi ya Burgundy lita 228. Likiwa jipya hutoa vanila na harufu ya mkate wa kuchoma. Likishatumika mara tatu nne, halitoi kitu cha maana. Vipande vya mwaloni vinavyotumbukizwa kwenye tangi ni njia ya mkato, na mara nyingi mvinyo hunuka mbao tu.

Kupoza: Chablis nyuzi 8 hadi 10, Chardonnay ya pipa 11 hadi 13. Friji nyingi ziko kwenye nyuzi 4, na hapo mvinyo wa pipa hupoteza harufu, ukabaki uchungu wa mbao. Utoe dakika 15 kabla ya kuufungua. Ndoo ijazwe nusu barafu, nusu maji. Barafu tupu haiizunguki chupa vizuri. Kwa joto la Malindi, mimina kidogo kidogo.

Msihifadhi chupa karibu na jiko. Kizibo kikichomoza, joto limeshaingia: onja kabla ya kumpelekea mgeni.

Chaza na kamba wa kuchoma wape Chablis. Samaki wa kupaka, kwa lile tui zito, anataka ya pipa, mradi pilipili iwe kidogo, maana kileo kingi huizidishia ukali.